Yohana 21: yule moto wa makaa umenikalia kichwani wiki nzima

#1 Kandokando (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, wapendwa Bwana Yesu asifiwe. Uzi ni mrefu nawaonya mapema, mwenye haraka apite tu, asije akaandika "fupisha mkuu" maana sitafupisha.

Kuna kitu nilikuwa sijawahi kukiona pamoja na kwamba hiyo sura nimeisoma sijui mara ngapi na nimeshawahi mpaka kuifundisha. Yohana 18:18, usiku ule Yesu kakamatwa, watumwa na watumishi wamewasha moto wa makaa maana kulikuwa na baridi, Petro naye kasimama pamoja nao anakota moto. Hapo ndo alipomkana. Hiyo wote tunaijua, jogoo na kila kitu. Sasa ruka mpaka Yohana 21:9, Yesu kashafufuka, wanafunzi wamevua usiku kucha wameambulia patupu, alfajiri wanashuka pwani wanakuta "moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate." Moto wa makaa tena! Nikaenda kuchungulia Kigiriki chake, neno ni lile lile, anthrakia, na kwenye Agano Jipya lote limetokea mara mbili tu. Hapo na hapo.

Sasa wewe vuta picha. Petro ameshajirusha majini kabla ya wenzake, boti iko kama dhiraa mia mbili kutoka ufukweni, yeye ndo wa kwanza kutaka kufika, anafika analowa maji mwili mzima anaanza kusikia harufu ya makaa. Harufu haina adabu wakuu, haipigi hodi. Mara ya mwisho kusimama karibu na moto wa namna ile alikuwa anaapa kwamba huyo mtu simjui. Na aliyeuwasha safari hii ni huyo huyo aliyekanwa.

Nikaanza kujiuliza, hivi aliuwasha kwa bahati tu kwa sababu samaki wanahitaji moto, au alijua anachofanya? Mimi naamini alijua. Na ndo kilichonifanya nikae wiki nzima sina raha, kwa sababu kama angekuwa ananipenda kama binadamu wanavyopenda, angefanya moja kati ya mawili, ama angeninyamazia kwa kunikomoa, ama angejifanya yale mambo hayakutokea tukaendelea na maisha. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa na Petro kwenye harufu ile ile.

Niseme langu kidogo. Mimi nilikuwa kiongozi wa maombi kwenye kikundi chetu. Nikaanguka, sitaeleza vipi, halihusu hela, ila lilikuwa jambo baya na watu wakajua. Nikaacha kwenda ibada miezi kumi na nne. Sikuacha kuamini, hapana, hilo ndo watu hawaelewi, ningekuwa nimeacha kuamini ningelala usingizi. Jumapili asubuhi nilikuwa nageuza simu kifudifudi nisione meseji za kikundi. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kabatini na kile kikaratasi changu bado kimebana ukurasa wa wimbo niliotakiwa kuanzisha Jumapili ile ambayo sikwenda, na nilikuwa nikifungua kabati nachukua shati haraka haraka nafunga. Maombi yangu kwa miezi yote hiyo yalikuwa neno moja, samahani, afu nageukia ukutani.

Na kichwani kwangu hesabu ilikuwa hivi: mimi nimepoa, kwa hiyo na yeye kapoa. Yaani nilikuwa najipima joto mimi mwenyewe halafu majibu naandika kwenye faili la Yesu.

Halafu kuna Luka 22:32 ambayo pia nilikuwa naipita tu. Kabla Petro hajamkana, wakiwa bado mezani, Yesu anamwambia nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Angalieni hiyo lugha. Hakusema UKIongoka. Kasema utakaPOongoka. Sisi tunaoongea Kiswahili tofauti ya hizo mbili tunaijua tangu tukiwa wadogo, mama akikwambia "ukirudi" na akikwambia "utakaporudi" sio kitu kimoja, ya pili ameshakuhesabu kwamba unarudi. Kosa halijafanyika na kurudi kwake kumeshasemwa.

Waebrania 13:8, Yesu Kristo ni yeye yule, jana na leo na hata milele. Mstari huu nimeuimba, nimeuona umeandikwa ukutani, nimeutumia kufungulia vipindi. Ila nilikuwa nauelewa kama sifa fulani ya juu huko, ya kwamba hazeeki. Sikuwahi kuelewa kwamba maana yake ni kwamba yule wa jana usiku aliyenitazama nikiwa nafanya upuuzi ndiye huyu huyu wa leo asubuhi.

Nawasikiliza.

#2 Bintimdogo

Naweka kambi hapa. Hiyo ya shati na kabati imenichoma.

#3 Mzee wa Nukuu

Mleta uzi umeandika vizuri na mimi sio mtu wa kumwaga maji kwenye moto wa mwenzangu (samahani kwa utani), lakini naomba niweke breki kidogo kwa sababu najua uzi kama huu unaishia wapi, unaishia mtu anasema mimi napendwa tu basi, nifanye nisifanye napendwa. Hiyo siyo injili.

Hao hao waandishi wako wanasema vingine pia. 2 Timotheo 2:12, tukimkana yeye, yeye naye atatukana sisi. Ipo, huwezi kuikata na mkasi. Na Yohana 15, kaeni katika pendo langu, mkizishika amri zangu mtakaa katika pendo langu. "Kaeni" maana yake mtu anaweza asikae. Yuda mstari wa 21 anasema jilindeni katika upendo wa Mungu. Mtu hajilindi katika kitu ambacho hawezi kukitoka. Na Paulo swali la tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi alishaliuliza na akajijibu mwenyewe kwa neno moja, hasha.

Kwa hiyo upendo wake haubadiliki, sawa, nakubali. Ila tusiuze bidhaa nusu.

#4 Kandokando

Mzee wangu shikamoo, na hoja yako naipokea, ila soma mstari unaofuata hapo hapo kwa Timotheo. Wa 13: "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe." Hiyo sababu ya mwisho ndo inayonishangaza. Kupenda kwake hakusimami juu ya wewe ni mtu wa aina gani, kunasimama juu ya yeye ni nani. Akiacha kupenda amejikana mwenyewe. Sisi wote tunaweza kujikana, yeye ndo hawezi. Malaki 3:6 anatumia neno tamu zaidi, "mimi, Bwana, sina kigeugeu, ndio maana ninyi hamkuangamizwa." Yaani pumzi tunayovuta ni matokeo ya yeye kutokuwa kigeugeu.

Sasa kwamba upendo huo ni leseni, hapo sikubaliani, na ushahidi wangu ni yule tajiri wa Marko 10. Alikuja mbio, akapiga magoti, akauliza afanye nini aurithi uzima wa milele, amri anasema nimezishika tangu utoto. Marko peke yake kati ya waandishi wa Injili ndo anaandika kwamba Yesu akamkazia macho, akampenda. Mstari wa 21. Sekunde hiyo hiyo anayompenda ndo anamwambia kauze ulivyo navyo vyote. Jamaa uso ukakunjamana akaenda zake kwa huzuni.

Na Yesu hakumkimbilia! Hakusema basi uza nusu. Mimi ningekuwa namhitaji yule mtu kwenye timu ningempigia kelele rudi tuongee. Alimpenda akija na hakuna pahali pameandikwa kwamba alimchukia alipokuwa anaondoka, ila masharti hayakushuka hata kidogo. Kwa hiyo Mzee, kama unadhani naongelea upendo laini laini, hapana. Upendo ambao haubadiliki una shida yake pia, kwamba na madai yake hayabadiliki. Ungekuwa unabadilika kidogo ningeshaufanyia mazungumzo zamani.

#5 JiweLaPembeni

Uzi mtamu. Naongezea nyama. Wapendwa wengi hawajui kwamba pale Yohana 21 Yesu mara mbili za kwanza anatumia agapao, upendo wa kimungu usio na masharti, Petro anajibu kwa phileo, upendo wa urafiki tu, ndo maana mara ya tatu Yesu anashuka kiwango chake anauliza kwa phileo. Yaani Yesu alimfuata Petro kule chini alikofika. Hiyo ndo siri ya hiyo sura.

#6 Mzee wa Nukuu

Siri hiyo inahubiriwa sana na mimi nimeihubiri, nikaja kuacha. Maneno yako hivyo kweli, agapao, agapao, halafu phileo, na Petro phileo zote tatu. Ila Yohana huyo huyo 3:35 anasema Baba ampenda Mwana kwa agapao, na 5:20 Baba ampenda Mwana kwa phileo. Utasema Baba alishuka kiwango kati ya sura ya tatu na ya tano? Yohana anapenda kubadilisha maneno tu, hata kwenye mistari hiyo hiyo kuna kulisha na kuchunga, kondoo na wana-kondoo. Na mwandishi mwenyewe anatuambia Petro alihuzunika kwa sababu gani, kwa vile alivyomwuliza mara ya TATU. Kilichomuuma ni hesabu. Alikana tatu, kaulizwa tatu.

Hapa narudi upande wa mleta uzi maana hii inamsaidia yeye kuliko mimi. Hakumuuliza Petro "unajuta?" wala "utarudia?". Kamuuliza wanipenda, na kila akijibu anakabidhiwa kazi. Kondoo. Wa kwake mwenyewe. Mtu aliyeshindwa kusimama mbele ya kijakazi mlangoni anakabidhiwa kundi.

#7 Bintimdogo

Afu tusisahau Marko 16:7, malaika kaburini anawaambia wale wanawake kawaambieni wanafunzi wake, NA PETRO. Kwani Petro si mwanafunzi? Si angeingia tu kwenye hilo kundi? Ila mtu aliyefanya kama alichofanya yeye akisikia "wanafunzi wanaitwa" anasema hao ni wenzangu, mimi sihusiki. Ikabidi atajwe jina.

Na kuna kitu Luka 24:34 na 1 Wakorintho 15:5 wanakigusa halafu wanapita, kwamba Yesu alimtokea Simoni peke yake kabla ya kuwatokea wale wengine kwa pamoja. Walichoongea hakijaandikwa popote. Mimi huwa nashukuru haikuandikwa.

#8 Tumsifu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki nimepita, nimeona niache mchango.

Swali la huyu aliyekana arudi asirudi halikuishia kwa Petro, Kanisa lilikuja kulitolea jasho kweli kweli. Mwaka 250 Kaisari Decius alitoa amri watu wote wa dola watoe sadaka kwa miungu, na ukishatoa unapewa cheti chenye mashahidi. Baadhi ya vyeti hivyo vya mafunjo vimechimbuliwa Misri, vipo mpaka leo, vina jina la mtu na sahihi. Wakristo kibao walitoa hiyo sadaka. Wengine hawakutoa lakini walihonga wakanunua cheti tu, yaani wakakana kwa karatasi. Mateso yalipopoa wakarudi wanabisha hodi kanisani, tunaomba turudi.

Ikawa vurugu. Kuna waliosema warudi tu leo leo. Kule Roma padri Novatian akasema hawa hawarudishwi kwenye ushirika, basi, hata wakilia damu. Askofu Cyprian wa Karthago, ambaye mwenyewe wakati wa mateso alijificha na watu wakamsema, akakaa na maaskofu wenzake mwaka 251 wakaamua wanarudi, ila kwa njia ya toba, sio mlango umefunguka tu mtu anapita na cheti chake mfukoni. Cyprian akaja kukatwa kichwa mwaka 258, safari hiyo hakujificha.

Mimi naona Mzee wa Nukuu na mleta uzi mnaongea kitu kimoja. Novatian alitaka kulinda utakatifu, hilo sio baya, ila alifika mahali akamfanya Kristo awe na kumbukumbu ndefu kuliko huruma yake. Sisi tuna kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, na siku zote nikipiga magoti pale najua sijaenda kumbembeleza aanze kunipenda, nimeenda kwa sababu hajaacha. Ndo maana pia tuna Moyo Mtakatifu wa Yesu, ile ibada iliyoenea kutokana na maono ya sista Margareta Maria kule Paray-le-Monial Ufaransa miaka ya 1673 hadi 1675, na Papa Pio wa 9 akaifanya sikukuu ya Kanisa zima mwaka 1856. Moyo uliochomwa, unaonyeshwa nje, haujafichwa. Waprotestanti mnaweza msiipende picha yenyewe lakini ujumbe nadhani mnauelewa.

#9 JiweLaPembeni

Picha siipendi ila hiyo ya vyeti sikuwa naijua. Asante mkuu.

#10 Swali Gumu

Nyie mnamzungumzia Petro kwa sababu stori yake iliisha vizuri. Na Yuda Iskarioti je? Upendo haubadiliki, sawa, ulimsaidia nini?

#11 Kandokando

Nilijua utakuja tu na jina lako hilo.

Yohana 13:1 anasema alikuwa amewapenda watu wake katika ulimwengu, aliwapenda upeo. Hilo neno upeo ni mwisho kabisa, mpaka pale jicho linapoishia. Mistari michache mbele anachukua beseni na kitambaa anaanza kuosha miguu, na Yuda hajaondoka bado, anaondoka mstari wa 30, "nako kulikuwa ni usiku." Maana yake kuna maji yalipita kwenye vidole vya Yuda. Yesu kashika kisigino cha mtu ambaye anajua baada ya muda mfupi kisigino hicho kinakwenda wapi. Hakumruka, wala hatusomi kwamba alimwosha haraka haraka. Tunajuaje? Kwa sababu baadaye alipowaambia mmoja wenu atanisaliti wanafunzi walibaki wanatazamana, hawajui anamsema nani. Miaka yote ile hakukuwa na tofauti yoyote ya namna alivyomchukulia Yuda ambayo wangeweza kuinyooshea kidole. Fikiria hilo. Mimi mtu nikijua ananisema vibaya, salamu yangu tu inabadilika.

Na bustanini, Mathayo 26:50, anamwita Rafiki.

Ulimsaidia nini? Sina jibu la kukutosheleza. Ninachoona ni kwamba wote wawili walijuta, Mathayo 27 anasema wazi Yuda alijuta, hela akazirudisha. Ila alizirudisha kwa wale makuhani, akaenda kutafutia faraja kwa watu waliomnunua, wakamwambia hayo ni ya kwako mwenyewe. Petro alilia nje peke yake akabaki hai mpaka Jumapili. Kama Yuda naye angefika Jumapili, sijui kama ule moto ufukweni ungekuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa maswali. Sitasema zaidi ya hapo maana hayajaandikwa.

#12 Mzee wa Nukuu

Hapo kwa Yuda naomba wote tuwe na kiasi, tusimpe mbingu wala tusimzamishe zaidi ya Maandiko. Ila hiyo ya miguu sikuwahi kuifikiria kwamba wenzake hawakushtuka.

Kuongezea tu, na Petro msimfanye kama baada ya ule ufuko wa bahari alinyooka moja kwa moja. Wagalatia 2, kule Antiokia, alikuwa anakula na watu wa Mataifa vizuri tu, wakaja watu kutoka kwa Yakobo akajitenga kwa woga, Paulo akampinga uso kwa uso mbele ya watu wote. Woga ule ule wa kwenye makaa, sura mpya. Na bado akawa nguzo. Kwa hiyo swali la nani hapa ndiye asiyebadilika jibu lake sio Petro.

#13 mkimya_2

Habari. Huwa nasoma tu sichangii. Leo niseme.

Mama yangu aliumwa miaka mitatu. Tuliomba. Mimi nilifunga, ndugu zangu walifunga, tulikesha, watumishi walikuja wakaweka mikono, kuna mpaka aliyetuambia amemwona akitembea. Miezi ya mwisho alikuwa akiamka usiku ananiuliza saa ngapi, namwambia saa tisa, anasema bado mapema, analala, baada ya dakika kumi anauliza tena. Saa tisa na dakika kumi ndo alifariki, siku moja ambayo nilichoka nikamjibu vibaya, nikamwambia mama lala.

Mnasema habadiliki. Mimi nakubali habadiliki. Ukuta nao haubadiliki. Jiwe halibadiliki. Nilimlilia mtu ambaye hakubadilika hata kidogo na ndo shida yangu mimi.

Sitafuti ugomvi. Nimesema tu.

#14 JiweLaPembeni

Pole sana mpendwa. Mungu ana makusudi yake na kila jambo hutenda kazi pamoja katika kuwapatia mema wale wampendao. Mama yuko mahali pema. Jipe moyo.

#15 Bintimdogo

@JiweLaPembeni futa hiyo. Najua umeandika kwa nia njema. Futa tu.

@mkimya_2 pole dada au kaka. Saa tisa na dakika kumi nimeisoma mara tatu. Sina mstari wa kukupa leo.

#16 Kandokando

@mkimya_2 pole sana. Nimekaa na komenti yako tangu jana ndo maana nimechelewa, na nikaogopa kujibu maana uzi huu niliuanzisha nikiwa nawaza watu kama mimi waliokosea, sikuwaza mtu ambaye hakukosea kitu. Kesi yangu ni rahisi kuliko yako. Mimi nilimkimbia yeye. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo unamsubiri.

Sikupi maelezo. Nakupa sehemu mbili nilizokuta watu wanaolalamika kama wewe na hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Ya kwanza ni Warumi 8, ile listi tunayoipenda, wala mauti wala uzima wala malaika. Kabla hajafika huko Paulo anasimama mstari wa 36 ananukuu Zaburi ya 44, kwa ajili yako tunauawa mchana kutwa. Nenda kwenye hiyo Zaburi uone mstari unaofuatia ule alionukuu: "Amka, Bwana, mbona umelala?" Paulo alikuwa Mfarisayo, Zaburi alizijua kwa moyo, alijua kabisa anapanda kwenye wimbo gani. Katikati ya maneno makubwa kuliko yote kuhusu upendo wa Kristo kaweka wimbo wa watu wanaomwambia Mungu amelala. Hakuuondoa kwanza ndo akaandika kuhusu upendo. Aliuacha humo humo ndani.

Ya pili ni Yohana 11. Dada wawili wana mgonjwa, wanatuma ujumbe mfupi kuliko meseji zetu: "Bwana, yeye umpendaye hawezi." Hawakusema yeye anayekupenda, wamesema umpendaye. Wakaweka uzito wote kwenye upendo wa Yesu, hawakuweka sifa za Lazaro. Halafu mstari wa 5 unasema Yesu aliwapenda wote watatu. Na wa 6 ndo ambao mimi siwezi kuumeza mpaka leo: BASI aliposikia ya kwamba hawezi, alikaa bado siku mbili pale pale alipokuwapo. Yohana angeweza kuandika "lakini". Kaandika basi. Alikuwa anapenda, basi akakaa. Sijui cha kufanya na neno hilo na sitakudanganya kwamba najua.

Ninachojua ni kwamba alipofika, Martha kamwambia kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Mariamu naye kaja kamwambia maneno hayo hayo, utadhani walikuwa wanayarudia kitandani kwa mgonjwa siku zote zile. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa wewe huna imani. Na yeye alikuwa anajua kabisa dakika chache zijazo anafanya nini, Lazaro anatoka, na bado akalia machozi. Kama angekuwa jiwe asingelia, hasa pale ambapo alijua hakuna haja ya kulia.

Najua mama yako hakutoka. Hiyo naijua. Siandiki hii ili nishinde hoja yako ya ukuta, haishindiki kwa maandishi. Nimeandika kwa sababu umesema hutafuti ugomvi, na wale dada waliutafuta, na walipendwa.

Na ile "mama lala". Mimi nadhani alilala.

#17 Tumsifu

@mkimya_2 nitamtaja mama kwenye sala zangu usiku wa leo saa tisa. Mimi huwa nipo macho saa hizo.

#18 Mzee wa Nukuu

Nilikuja kwenye uzi huu kukagua mafundisho, nikiri. Hapa sina la kukagua.

Niseme moja tu, kuna Polikarpo, askofu wa Smirna, ndo Izmir ya Uturuki leo, karne ya pili huko. Mzee kabisa wanamleta uwanjani wanamwambia mtukane Kristo tukuachie. Akajibu miaka 86 namtumikia wala hajanitenda baya lolote, nitamtukanaje mfalme wangu aliyeniokoa. Nilipokuwa kijana nilidhani hayo ni maneno ya shujaa. Sasa nami nimezeeka, nimezika mke na mtoto, nikisoma tena naona ni maneno ya mtu anayeangalia nyuma na kuhesabu. Miaka 86 ina mazishi mengi ndani yake, yule mzee hakufika pale bila kuzika watu. Na hesabu yake ikatoka hivyo. Yangu bado naihesabu, kuna miaka haijakaa sawa.

@mkimya_2 mwanangu, na yako usiharakishwe na mtu.

#19 JiweLaPembeni

Nimejaribu kufuta muda umepita, haikubali. Nisamehe @mkimya_2. Nilikuwa sijasoma, niliona neno "alifariki" tu nikaandika kile tunachoandikaga.

#20 mkimya_2

Asanteni. @JiweLaPembeni usijali, hata mimi nimewahi kuwaandikia watu hivyo hivyo.

Jana usiku nilifungua hiyo Yohana 11. Ni Biblia ya mama, ya maandishi makubwa, sikuwa nimeigusa. Kumbe mstari wa 6 alishaupigia mstari na kalamu ya bluu, na pembeni kaweka alama ya kuuliza.

Nimeishia hapo sijaendelea.